Pama Iliyokakamaa

Pama ya baba, kofia yake ya sufu, ilikuwa imekakamaa kama gome la mti. Aliiacha nyumbani kwetu Mugoma siku alipovuka mpaka kwenda Burundi kumtafuta bibi, mama yake. Alisema mtu mwenye pama hudhaniwa mkubwa fulani, na siku zile wakubwa ndio waliokuwa wakiwindwa. Ulikuwa mwaka ambao barabara ilijaa watu wenye magodoro vichwani wakielekea kambi za wakimbizi. Baada ya wiki mbili bibi alitokea miongoni mwao, peke yake. Hakuwa amemwona mwanawe.

Pama ikabaki imening'inia juu ya meko. Mvua iliivujia, moshi ukaikausha, mvua ikaivujia tena.

Mwaka ulipopita, baba mkubwa alikuja kutoka Runazi. Katika ukoo wetu msiba haumaliziki mpaka mrithi avikwe kitu cha marehemu mbele ya ndugu, na cha baba kilichobaki kilikuwa pama. Mrithi alikuwa kaka yangu. Baba mkubwa aliigonga kwa kidole, ko, ko.

"Shemeji, hii ni pama au sufuria?"

"Imekaa muda mrefu bila mtu."

"Basi ilainishe. Jumapili tumvike kijana, tumalize msiba."

"Msiba wa nani? Nani ameniletea maiti?"

"Shemeji, mwaka mzima! Mtu mzima hapotei kama mbuzi."

"Mbuzi wako akipotea, mbona unamtafuta?"

Baba mkubwa akaomba maji ya kunywa.

Jumamosi asubuhi mama alichemsha maji. Kazi hiyo alikuwa ameiona kwa baba: hailoweshwi, inashikwa juu ya mvuke na kugeuzwa, halafu ukingo unakandwa kwa vidole, pole pole, usije ukavunjika. Ikishalainika, mwenyewe huivaa ikiwa bado na unyevu. Hukaukia kichwani mwake na kushika umbo lake.

Mvuke ulipoingia kwenye ile sufu, harufu ya baba ilitoka. Jasho lake, tumbaku yake. Ikajaa jiko zima. Bibi alikuwa mlangoni akichambua maharage, ametugeuzia mgongo. Akaacha kuchambua.

"Ameingia?" akauliza kwa Kirundi.

Mama akaigeuza pama juu ya mvuke.

Kaka alikaa kwenye kigoda akisubiri kuvikwa. Mama aliinyanyua pama juu ya kichwa chake, na mikono ikasimama hapo hapo. Kisha akaivaa yeye. Ilimshuka hadi kwenye nyusi. Akaivua, akaikanda tena juu ya mvuke, akaivaa, akaizungushia kamba ya mgomba na kuikaza.

"Mama, watu watakucheka," kaka alisema.

"Wacheke. Wewe nenda kachote maji."

Akashinda juani na pama yake, akipalilia, mpaka ikakauka.

Jumapili ndugu walikuja. Baba mkubwa alisema maneno yake, akaichukua pama na kumvika kaka. Ikagoma juu ya masikio. Akasukuma. Kaka akafumba macho kwa maumivu.

"Labda tumchonge kichwa," mjomba mmoja akasema, na watu wakacheka.

Baba mkubwa hakucheka. Alikuwa akiutazama mstari uliobaki kwenye paji la uso la mama.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nimeilainisha, kama ulivyosema. Mwenyewe akirudi nitailainisha tena."

Walikula, wakaondoka. Hakuna aliyetamka kwamba baba amekufa, siku hiyo wala baadaye.

Mama akaendelea kwenda shambani amevaa pama. Nimehama mara nyingi tangu hapo, Biharamulo, Geita, Kahama, na sijui mahali ambapo nimelala vizuri msimu wa mahindi. Maana nilipokuwa nikitoka shule, nikifika kwenye kilele cha mlima, niliiona pama ya baba ikitembea juu ya mahindi. Inasimama. Inainama. Inasogea tena. Kila siku nilijua ni mama, na kila siku niliteremka mbio.