Alama za Mkweli

Nyumbani walimwita binti yao Hakimu, maana tangu utotoni hakuona ugomvi akaupita bila kuutafutia njia ya katikati. Alipokua akawa mchambuzi wa mifumo: anawauliza watu wanataka programu yao ya kompyuta ifanye nini, na wewe katafute wawili wanaotaka kitu kimoja kama utawapata.

Hospitalini alikoitwa kutengeneza programu, mvutano ulikuwa juu ya kabati la dawa. Mtunza stoo alitaka kila dawa itolewe kwa nenosiri, wizi ukome. Wauguzi walitaka kabati lifunguke papo hapo, mgonjwa asije akafa huku mtu akitafuta herufi. Na muuguzi mkuu alikuwa nani? Mdogo wake Hakimu, wa tumbo moja.

Hakimu akaleta nadharia ya michezo, ile hesabu ya watu wanaovutana. Kila upande ujaze fomu kwa siri, kila jambo mstari wake, alama sifuri hadi mia: ukikosa jambo hili utaumia kiasi gani? Kompyuta itachagua mpango wenye maumivu machache kwa jumla.

Mdogo wake alijaza kwa moyo mweupe. "Nenosiri ni kero, dada, lakini siku nyingi tutavumilia. Nimeweka hamsini."

Mtunza stoo aliweka mia kila mstari. Nenosiri likapita.

Siku chache baadaye, kwenye foleni ya chai, mtunza stoo akamchekea Hakimu. "Mimi hata kufuli la kawaida lingenitosha. Lakini sokoni nani anaanza kwa kutaja bei ya mwisho?"

Hakimu akaiacha chai yake. Aliona aibu, na hofu ikamwingia, kwani anayetapatapa kitandani hangoji nenosiri. Amshtaki mzee wa watu kwa lipi? Hakuvunja kanuni hata moja. Mwanya ulikuwa kwenye kanuni zenyewe, na mwenye kuzitunga ni Hakimu.

Akaenda wodini na fomu mpya.

"Jaza upya. Safari hii weka mia."

"Ndivyo ninavyoumia?"

"Sivyo. Ila ukisema kweli utashindwa tena."

Mdogo wake akavua glavu taratibu. "Kumbe kilichoniponza ni kukuamini."

Hakimu akamnyooshea kalamu. Muuguzi akaandika mia mstari wa kwanza, mia wa pili, mia mpaka chini, hata kwenye rangi ya vitufe isiyomhusu ndewe wala sikio. Akamrudishia karatasi bila kumtazama usoni.

"Haya, bibi mchambuzi. Nisaini wapi?"