Baba Mmoja kwa Karatasi

Mwaka nilioomba chuo, cheti cha kifo cha baba yangu kilikuwa kwa kaka yake, na kaka yake hakutaka kukitoa.

Baba alikuwa fundi ujenzi. Alifariki nikiwa kidato cha pili, nyumba yetu ya Olasiti ikiwa imeezekwa lakini haijapigwa lipu. Msiba ulipoisha ukoo ulikaa, ukamteua baba mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi, kwa kuwa ndiye mkubwa, ni mzee wa kanisa, na anajua kusema mbele za watu. Mama alitia sahihi pale alipoonyeshwa. Mwaka haukuisha, baba mkubwa akawa amehamia kwenye nyumba ile na familia yake. Akaipiga lipu, akaipaka rangi, akaweka geti. Mimi na mama tukaenda kupanga chumba kimoja Sombetini, na mama akapata kazi ya kufunga maua kwenye shamba la waridi, njia ya Kisongo. Jioni alikuwa akitoa miiba vidoleni kwa sindano, huku akiniuliza masomo.

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka nilikuwa nimefaulu vizuri. Niliomba vyuo vitatu: sayansi ya maabara kwenye chuo cha serikali Dodoma, kozi hiyo hiyo kwenye chuo binafsi Mwanza, na ualimu kwenye chuo cha kanisa hapa hapa Arusha. Tulipokuwa tunasubiri majibu, mama alichana karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, tukaandika nyuma yake gharama za kila chuo. Mwanza tuliikata siku ya kwanza. Vilibaki viwili, na hivyo viwili mama alivizungusha kichwani wiki nzima.

"Hiki cha hapa ada yake inauma," alisema, "lakini utalala kwako na utakula ugali wangu. Cha Dodoma ada yake ni nafuu, lakini huko hata maji ya kunywa utanunua."

"Mkopo ukitoka, Dodoma ndiyo rahisi."

"Na usipotoka?"

Mkopo ndio ulioshika kila kitu, na kwa mtoto aliyefiwa na baba, mkopo ulitaka cheti cha kifo kilichohakikiwa.

Siku hizo mtoto wa baba mkubwa alikuwa anakuja kwetu karibu kila Jumapili baada ya ibada. Amenizidi miezi miwili tu. Tulianza darasa la kwanza siku moja, tukagawana penseli moja iliyokatwa katikati, na ugomvi wa wazazi wetu haukuwahi kututenganisha. Yeye naye alikuwa ameomba Dodoma. Tulikaa kizingitini tukilinganisha: nani ana pointi ngapi, kozi gani inachukua watu wengi, ukikosa hiki unaangukia kipi.

"Ukikosa Dodoma utafanyaje?" aliniuliza siku moja.

"Nitasoma hiki cha hapa."

"Ada yake unaijua lakini?"

"Naijua. Na wewe je?"

"Mimi popote. Mkopo nina uhakika nao."

Nilimtazama. Baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi na ng'ombe wa maziwa watatu. Watoto wa namna hiyo huwa hawana uhakika na mkopo, wana uhakika na baba zao. Nikadhani anajigamba tu. Yeye akainamia simu yake, akasema bando limeisha, akaaga.

Wiki iliyofuata nilikwenda Olasiti kuomba cheti. Baba mkubwa alikuwa sebuleni, ameegemea ukuta ambao baba yangu alipanga matofali yake mimi nikimletea maji. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za mama. Nikamweleza shida yangu.

"Cheti hakipo hapa," alisema. "Nyaraka zote za marehemu nimezihifadhi benki."

"Naomba hata nakala, baba mkubwa. Dirisha la mkopo linafungwa."

"Sikiliza, mwanangu. Mama yako aje kwanza tumalize suala la kiwanja. Kuna karatasi ya kusaini. Akishasaini, mambo yako yote yatakwenda."

"Karatasi ya nini?"

"Hayo ni ya watu wazima."

Aliniletea soda, nikainywa. Mpaka leo najilaumu kwa soda ile.

Mama aliposikia kuhusu karatasi ya kusaini, alisema cheti ni cha mume wake na hahitaji kukiomba kwa mtu. Siku ya mapumziko yake tukaenda wote wawili ofisi ya vizazi na vifo, tuombe nakala na tukihakiki. Mhudumu alikuwa dada mmoja mpole, mwenye miwani. Aliandika jina la baba kwenye kompyuta, akasoma, akasoma tena.

"Hiki kimeshahakikiwa mwezi uliopita," alisema. "Kwa ajili ya mkopo. Alikileta kijana wake."

"Kijana wa nani?" mama akauliza.

"Wa marehemu. Cheti chake cha kuzaliwa kinaonyesha baba ni huyu huyu." Akataja jina. Lilikuwa la mtoto wa baba mkubwa.

Nilielewa mara moja. Shuleni yule kijana alikuwa akitumia jina lake na la ukoo tu. Hakuwahi kuwa na cheti cha kuzaliwa mpaka alipohitaji kuomba chuo, na baba yake alipokwenda kumwandikisha, pale penye jina la baba akaandika jina la mdogo wake aliyelala kaburini. Mtoto mwenye baba, duka na ng'ombe akawa yatima. Cheti nilichoambiwa kimehifadhiwa benki kilikuwa kazini.

Mhudumu akaangalia tarehe, akamwangalia mama, akapunguza sauti. "Samahani, mama. Huyu ni wa mke mwenzio? Naona amezaliwa mwaka mmoja na huyu binti."

Kulikuwa na foleni nyuma yetu. Mwanamke mmoja aliyembeba mtoto alisogea kidogo ili asikie vizuri. Mama yangu, aliyekaa na mume mmoja na kumzika, alishika ukingo wa kaunta.

"Marehemu hakuwa na mke mwingine," alisema.

"Basi wa nje. Hutokea, mama, usijali. Watoto wa baba mmoja wanaruhusiwa kutumia cheti kimoja, binti yako hatakosa haki yake." Akatupigia mhuri, akatupa namba ya uhakiki, akaita mtu mwingine.

Kwa hiyo nilipata nilichokwenda kukitafuta. Hilo nataka lieleweke, kwa sababu baadaye watu wa ukoo walisema nilifanya yale kwa kukosa mkopo. Ombi langu la mkopo nililituma siku ile ile, limekamilika. Ningeweza kunyamaza na nisipoteze kitu.

Njiani mama alisema, "Tumwachie Mungu."

Nikaitikia. Lakini moyoni nilikuwa naiona mikono yake kwenye ile kaunta, na yule mwanamke aliyesogea kusikiliza.

Nilirudi peke yangu kesho yake, nikamuuliza yule dada: mtu akitaka kupinga cheti cha kuzaliwa anafanyaje? Akasema ni barua na uthibitisho. Uthibitisho nilijua ulipo. Mtoto yule alibatizwa kwenye usharika ambao baba yake ni mzee wa kanisa, na daftari la ubatizo lina jina la baba na la mama. Nikaenda kwa katibu wa usharika, nikamwambia nahitaji nakala kwa mambo ya chuo. Hakuuliza ni cha nani. Alinifungulia daftari, nikapiga picha ukurasa mzima, kisha akanigongea mhuri kwenye nakala. Jina la baba mkubwa lilikuwa pale, limeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe.

Barua niliiandika usiku huo, lakini sikuipeleka. Ningeipeleka wakati ule, dirisha la mkopo lilikuwa bado wazi. Baba mkubwa angefuta, angerekebisha, angesema karani alikosea, na yangeishia hapo. Nilitaka mlango ufungwe kwanza, yeye akiwa ndani.

Majibu ya vyuo yakatoka. Nilichaguliwa Dodoma na hapa Arusha. Mtoto wa baba mkubwa naye Dodoma. Alikuja mbio kwetu kuniambia, akanikumbatia, akasema tutasafiri pamoja. Nilimwambia ndiyo. Mama alitupikia chai ya maziwa, akamwekea yeye kikombe kikubwa.

Mkopo ukatoka baadaye, kwangu na kwake. Baba mkubwa akachinja mbuzi. Nilikwenda kwenye sherehe ile, mama akakataa. Mchungaji aliomba, kisha baba mkubwa akasimama uani kwetu Olasiti, mbele ya majirani waliokuwa majirani zetu, akamshukuru Mungu anayewatunza wajane na yatima. Alisema hivyo, na akanielekezea mkono, watu wakanipigia makofi. Nikala nyama yake. Nilikula vizuri, nikaomba na supu.

Asubuhi nikapeleka barua, nakala moja ofisi ya vizazi na vifo, nyingine kwa watu wa mikopo.

Haikuchukua muda mrefu. Mkopo wa kijana ulisimamishwa, na baba mkubwa akaitwa. Yule dada wa miwani ndiye aliyenisimulia, nilipokwenda kutia sahihi maelezo yangu. Baba mkubwa alitakiwa aape kwamba yu hai, na kwamba kijana ni wake wa kumzaa. Alikuja amevaa suti ya kanisani. Alipoulizwa kwa nini aliandika jina la marehemu, alisema ni mila, kwamba mtoto wa kaka ni mtoto wa mdogo wake pia. Wakamwuliza kama mila hiyo inafuta na jina la baba mzazi. Polisi aliandika maelezo mara mbili, na kanisani akaombwa apumzike uzee.

Nilimwomba yule dada anisimulie tena ile sehemu ya kiapo. Alinisimulia. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyelipwa.

Jumamosi baba mkubwa alikuja Sombetini na wazee wawili wa ukoo. Mama alitoa viti, akasimama mlangoni.

"Umemharibia ndugu yako maisha," baba mkubwa aliniambia.

"Ndugu yangu yupi, baba mkubwa? Wa kuzaliwa au wa karatasi?"

Mzee mmoja akanikemea, akasema mtoto hasemi hivyo na mkubwa wake. Mama akasema, "Mwacheni ajibiwe." Sikuwahi kumsikia akisema na wazee wa ukoo kwa sauti ile. Baba mkubwa alitazama chini. Baadaye wakaongea habari za kusameheana, wakanywa chai, wakaondoka.

Walipoondoka mama alikaa kitandani. "Mimi sikukutuma," alisema.

"Najua."

"Na mtoto yule alikula hapa."

"Najua, mama."

Lakini Jumatatu aliomba ruhusa kazini, akapiga pasi kitenge chake kizuri, akachukua nakala ya barua yangu na kwenda mahakama ya mwanzo kuomba msimamizi wa mirathi abadilishwe. Shauri lilivutwa miezi. Mwishowe alibadilishwa, na nyumba ikarudi kwa mama pamoja na lipu, rangi na geti. Sikumwonea huruma baba mkubwa siku alipohamisha vitu vyake. Nilikuwa likizo, nilikwenda kwa makusudi, nikasimama ng'ambo ya barabara mpaka godoro la mwisho lilipopakiwa.

Mtoto wake hakusoma mwaka ule. Duka lilikuwa na madeni ambayo hakuna aliyeyajua, na mawakili walikula kilichobaki. Alikwenda Momela, akaanza kubeba mizigo ya wageni wanaopanda Mlima Meru. Nilikutana naye likizo hiyo hiyo, soko la Kilombero, akinunua viatu vya mitumba vya kupandia. Amekonda, mabega yamepanuka. Tulisalimiana kama watu waliosoma shule moja.

"Ulijua?" nilimuuliza. Nilikuwa nimelibeba swali hilo tangu siku ya kaunta.

"Nilijua jina limebadilishwa. Baba alisema mmekubaliana, yeye na mama yako."

"Ukaamini?"

Aligeuza kiatu, akakagua soli. "Nilitaka kuamini. Ungeniambia lakini. Ungeniambia mimi kwanza, ningeenda mwenyewe kulifuta."

"Na wewe ungeniambia. Ulikuwa unakaa kizingitini kwetu kila Jumapili."

Hakukataa. Muuza viatu alimtajia bei, akaomba apunguziwe, akapunguziwa kidogo. Alisema ataomba tena mwaka ujao, akipata hela ya kuanzia. Sikumwambia pole. Nimejiuliza mara nyingi kama ningebadilisha kitu, ningewahisha ile barua kwa wiki mbili ili yeye apone na baba yake aumie peke yake, na kila mara naishia kwenye sherehe ile, mkono ule ulionyooshwa kwangu, makofi yale. Hapo najua ningesubiri tena.

Alilipa, akafunga kamba za viatu pamoja, akavining'iniza shingoni.

"Dodoma kukoje?" aliuliza.

Nikamwambia kuna joto, maji ya shida, vyumba watu wanane wanane, na walimu hawaeleweki. Akacheka kidogo, akasema basi hajakosa sana. Tuko wanne chumbani, na ninapapenda pale kuliko mahali pote nilipowahi kuishi.