Betri Juani

Juzi nilifungua rimoti iliyogoma, nikanusa betri iliyovuja. Msomi mzima nikabaki nimeishika, sebuleni peke yangu.

Nilipokuwa msichana, nyumbani Ipagala tulikuwa wawili tu, mimi na baba, naye mgonjwa. Tangu ujana wake alimfuatilia redioni bondia mmoja Mwingereza, ambaye sasa alikuwa amezeeka kama yeye. Siku ya pambano lake la mwisho nilianika betri za redio juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Jioni mtangazaji alifika raundi ya tisa, redio ikazima. Nikaendelea kuibandika sikioni kana kwamba bado inasema.

“Binti, nani kashinda?”

“Wetu, baba. Kwa pointi.”

“Nilijua. Mzee yule haanguki ovyo.”

Alinitazama kidogo, kisha akageukia ukutani.

“Kesho usianike betri, mama.”