Chura Chini ya Ndoo

Fundi saa mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Sekunde, alikuwa na miaka thelathini na moja ya ndoa na hajawahi kumpa mkewe hata ua moja. Si ubahili. Aliona haya tu. Mtu mzima atapitaje njiani ameshika maua kama bibi harusi?

Siku moja akaona mmea wa mwituni umeota kwenye ufa wa ngazi ya karakana yake, una vijiua vya zambarau vidogo kama skrubu za saa. Akachuma mbegu kwa kibano, akazifunga kwenye karatasi, akaenda nazo nyumbani.

"Hilo ni gugu," mkewe akasema. "Mwaka mzima naling'oa. Likiota kwangu, jembe liko nyuma ya mlango."

Sekunde hakubishana. Alimjua mkewe: akiona majani atang'oa, akiona ua atanyamaza. Kazi ilikuwa kuufikisha mmea hadi utoe ua kabla haujafikiwa na jembe.

Akapanda mbegu kwenye kopo nyuma ya stoo. Akazinywesha kwa sindano ya kutilia saa mafuta, matone sita asubuhi, sita jioni. Jua likiwa kali, akazifunika kwa leso. Miche ikaota, ikamtazama, ikafa. Akapanda tena; ikafa kwa adabu zaidi. Akaumwaga udongo wote kando ya mtaro wa jikoni, akanawa mikono.

Mtaroni ndiko mkewe alikomwaga maji ya vyombo kila siku, pamoja na malalamiko yake yote. Wiki tatu baadaye mmea mmoja ulikuwa umesimama pale, umenenepa, una tumba limefumba kama ngumi ya mtoto.

Jumatano mkewe akatoa jembe. Dada yake angekuja Jumamosi, na uwanja lazima ung'ae. Sekunde akawahi mtaroni, akaufunika mmea kwa ndoo kuukuu iliyotoboka.

"Kuna nini humo?"

"Chura."

"Chura gani?"

"Anataga. Tumwache siku tatu."

"Chura anatagia chini ya ndoo?"

"Ana haya," Sekunde akasema. "Kama mimi."

Mkewe aliogopa chura kuliko mwizi. Akalima uwanja wote, ndoo ikabaki peke yake kama kisiwa.

Jumamosi shemeji akafika. Alipopata habari za chura hata chai hakumaliza. "Chura wa kujengewa nyumba? Namtaka huyo." Sekunde akaona maji yamezidi unga. Akakimbia, akakaa juu ya ndoo, mikono magotini kama anayepigwa picha.

"Ondoka, shemeji."

"Nimechoka."

"Viti viko ndani."

"Hapa kuna upepo."

Shemeji akamkagua kutoka utosini, akateremka, akaishia kati ya magoti. "Shemeji," akasema taratibu, "chura wako amechanua."

Kwenye tundu la ubavuni mwa ndoo, kijiua cha zambarau kilikuwa kimetoa shingo, kinachungulia wageni.

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yao na beseni la maji ya vyombo. "Ndilo hili?"

"Ndilo. Lako," Sekunde akasema, masikio yakiwaka moto. "Limechelewa kidogo."

Mkewe akatua beseni. "Toka hapo, utalikalia." Akaiondoa ndoo, akamwaga maji polepole, mara hii bila kugombana na mtu.

"Na mayai je?" shemeji akauliza.

"Hebu nyamaza. Kuna mtu ana haya hapa."