Mgongo wa Agatha Truax

Kwa miaka miwili Agatha Truax aliigiza mtumishi jukwaani New York, katika mchezo wa kuchekesha ambao ndani yake alikuwa na sentensi moja tu. Tajiri anatangaza mezani kwamba amefilisika, wote wanapigwa na bumbuwazi, na mtumishi anageuka na bakuli lake kurudi jikoni akisema, "Basi supu hii ni mshahara wangu." Watu walishika mbavu. Studio iliponunua mchezo ule iufanye filamu, ikamleta Hollywood yeye na sentensi yake. Mimi nilikuwa msusi wa studio, nikimtengeneza nywele.

Siku ya kupiga onyesho hilo, nyota wetu Lorraine Vandeveer, aliyeigiza mke wa tajiri, aliitaka sentensi ile. Akapewa. Mji huu nyota hanyimwi kitu. Angetaka na bakuli angepewa.

"Na mimi nifanye nini?" Agatha akamuuliza mwongozaji, Bwana Felker.

"Simama tu, mama. Shika supu."

"Kicheko nimekilea miaka miwili, leo mnakigawa kama nguo za marehemu?"

"Wanaotaka kushika supu wamejaa getini."

Nilidhani ataondoka. Akashika supu. Nyota alipotamka, "Ichukue, ndiyo mshahara wako," Agatha alichungulia bakulini kama mtu anayehakikisha hajapunjwa. Mafundi wakaangua kicheko, kinasa sauti kikazoa vyote, onyesho likaharibika.

"Mgeuzeni huyo!" Bi Vandeveer akang'aka. "Sitaki kuuona uso wake!"

Wakamgeuza, akaipa kamera mgongo. Wakaanza upya. Sentensi ikatamkwa, Agatha akainua bakuli polepole, akatazama ndani, mabega yakamshuka. Basi. Mpiga picha akauma mkono wa shati lake asicheke.

Bwana Felker akamvuta pembeni. "Tulia, nikurudishie uso. Ukikaidi, jina lako halitaonekana kwenye filamu."

"Uso kaa nao. Na jina kaa nalo. Mabega ni yangu, bwana."

Nilimpenda sana saa ile, na nilimhofia. Kila waliporudia, aliyashusha tena, mpaka studio ikachoka kabla yake.

Filamu ilipotoka tulikata tiketi kama watu wengine. Jina lake halikuwemo kweli. Sentensi ya nyota ikapita, wawili watatu wakaguna. Kisha mabega yakashuka, na ukumbi mzima ukalipuka.

Mama mmoja nyuma yetu alikuwa akijifuta machozi. "Jamani, huyo mtumishi ni nani?"

"Ni mimi," akasema Agatha.

"We nawe! Tuondolee uongo wako."

Agatha akasimama, akampa mgongo, akayashusha mabega. Safu yote ya nyuma ikacheka upya, ikacheka hasa, na alichosema Bi Vandeveer kwenye filamu baada ya hapo hakuna aliyekisikia.