Vigelegele vya Bi Batul

Miaka arobaini Bi Batul aliwavika mabibi harusi wa Fez bila kusoma hata karatasi moja. Magauni saba ya kila harusi aliyapanga kwa nyuzi za rangi. Siku hiyo mwanawe Abdelhak alikuwa ameapa kumtoa shule bintiye, Rim, kwa uvivu, na Mwalimu Ilham akaja nyumbani kumtetea.

"Si mvivu, ana disleksia, ugumu wa kusoma," alisema mwalimu. "Akifika katikati ya mstari anapotea, na neno alilolisoma jana, leo ni geni kwake. Lakini msimulie hadithi, ataishika yote."

"Kama mimi!" Bi Batul akaruka.

"Tena huchanganya kulia na kushoto. Mara nyingi hali hii hurithiwa, bibi."

"Abdelhak, umesikia? Na mimi miaka yote nikijiita punda!" Akapiga vigelegele virefu, vya harusini kabisa.

Watu wa Fez wakisikia vigelegele hawaulizi. Punde majirani walijaa uani na mapande ya sukari, zawadi ya posa.

"Hongera! Bwana harusi nani?"

"Hakuna bwana harusi," Abdelhak alisema, jasho likimtoka. "Ni kwamba... binti yangu si mvivu. Wala mama yangu si punda."

"Ala! Basi turudi na sukari yetu?"

"Thubutuni!" Bi Batul akacheka, akimpa Rim uzi mwekundu wa kuweka chini ya mstari anaousoma.

"Baba, kesho naenda shule?"

"Mbele ya umati huu, mwanangu, nitakataaje?"

Vigelegele vikaanza upya.