Spika Hana Kura

Simpendi shemeji yangu, kaka ya marehemu mume wangu. Naandika hilo kwanza ili anayesoma asidanganyike. Shule niliachia darasa la saba, huenda kuna mahali simwelewi.

Kaunti zilipokuwa bado changa alikuwa Spika wa bunge la kaunti, muhula mmoja. Kwa haki niseme, hakumkandamiza mtu kwa sababu ya chama. Shida ni kwamba alitoka kwenye kiti lakini kiti hakikumtoka. Hapa Kiogoro nyumbani tunaongea Kikisii, yeye akaanza kuendesha vikao vya familia kwa Kiswahili. Ukitaka kusema unasimama, unangoja akuone, unasema “Mheshimiwa Spika.” Mama mkwe peke yake alikataa. Alimwambia ana magoti mabovu, na kwamba alishamwona akikojoa kitandani.

Mume wangu alipokufa, hoja ililetwa na shemeji mdogo, ingawa tulijua imetungwa na nani. Mistari sita ya majani chai karibu na mto, inayopakana na shamba la Spika, irudishwe kwa “familia.” Majani hayo ndiyo yanayosomesha binti zangu wawili.

Spika alinipa dakika tano kwa saa yake. Mbili niliongea, tatu nililia, na hakunikatiza. Shemeji mdogo aliposema nilikuja na begi moja na sasa nataka shamba, alimwamuru aondoe maneno hayo na aombe radhi. Akaomba, huku ananikodolea macho.

Mikono ikainuliwa. Huku mama mkwe, wifi na mimi (sijui kama mimi kupiga kura ilikuwa halali). Kule shemeji mdogo, mjomba na binamu. Tatu kwa tatu. Spika akavua miwani, akasema kura zikiwa zimelingana ataamua yeye, na yeye anaunga mkono hoja.

Nilisimama bila kuonwa. Zamani nilikuwa nikisikiliza bunge lao kwenye redio nikichambua mboga, kwa fahari tu, na siku moja kura zililingana hivi hivi akakataa kuamua.

“Mheshimiwa Spika,” nikasema, “Spika hana kura. Zikilingana, hoja imeanguka. Ni wewe ulisema.”

Shemeji mdogo alicheka, akasema hili si bunge, tuendelee. Spika hakucheka. Alivaa miwani.

“Hoja imeanguka,” akasema. Kisha akaniinamia, na kwa Kikisii, polepole: “Wewe usinisalimie tena.”

Sijamsalimia. Angeweza kunidhulumu na hakuna ambaye angemzuia, hilo nalijua. Kama ni uadilifu au ni kiburi cha kutotaka mwanamke aonekane anaijua sheria yake kuliko yeye, sijui.

Wiki hiyo alizungushia shamba lake waya, akaziba njia niliyokuwa nikipitia na kikapu cha majani chai. Ni shamba lake, ana haki. Nazunguka kwa jirani, na mvua ikinyesha huko kunateleza vibaya.